Viatu vya Wakwe Vimeibwa Mlangoni Kwangu

Mpendwa Bi Mwanaasha, naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo ushike kalamu, kwa sababu huku kwangu hakuna anayecheka. Mimi ni Mkenya wa miaka hamsini na miwili, fundi wa lifti, mwaka wa kumi na nne hapa Johannesburg, na mapema mwaka huu wa 2018 kampuni ilinipeleka Osaka, Japani, miezi mitatu nikajifunze lifti mpya, lakini niliyojifunza hasa ni mambo mengine, na ndiyo yaliyoniponza.

Ule mji una mamilioni ya watu na husikii mtu. Treni imejaa na kimya chake ni cha chumba cha mtihani, ikichelewa dakika moja kondakta anaomba radhi kana kwamba amekanyaga mtoto, barabarani hakuna pipa la taka na bado hakuna taka, kila mtu anabeba ganda lake la ndizi mpaka kwake, na watu wanasimama kwenye robot nyekundu, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huku Johannesburg, hata kama hakuna gari upande wowote. Nilisahau mwavuli kituoni Jumatatu, nikaukuta palepale Alhamisi. Tena walinistahi sana, hata treni ijae vipi kiti cha kando yangu waliniachia kitupu. Niliaibika mara moja tu, siku bosi aliponialika kwake: kule viatu vinavuliwa mlangoni unapewa slipa za ndani, na chooni kuna slipa nyingine za humo humo, nami nikatoka nazo chooni hadi mezani, nikala samaki nimezivaa, na hakuna aliyesema neno, walitazama tu miguu yangu kwa adabu.

Basi nilirudi mtu mpya, ingawa nyumbani hakuna aliyeniagiza mtu mpya. Nikapiga marufuku simu sebuleni. Nikasimama kwenye robot nyekundu barabara ikiwa tupu kabisa, mke wangu Maryanne akaniuliza, "Festus, unangoja nini, uporwe kwa adabu?"

Jumapili iliyopita wakaja wakwe. Binti yetu Keziah anataka kuolewa na Glody, kijana Mkongomani mwenye heshima zake, na ujumbe wa watu saba ukatoka mtaa wa Rosettenville, kusini mwa mji, ukiongozwa na mjomba wake, Papa Placide, mshonaji, ambaye ukimtazama unaanzia miguuni, maana viatu vyake vya ngozi ya mamba vilikuwa vinang'aa kuliko gari langu. Nikawaomba wote wavue viatu varandani, nikavipanga mstari, ncha zikielekea mtaani kama Osaka, ili mtu akitoka atumbukize mguu tu. Geti nikaliacha wazi. Maryanne akabonyeza rimoti likajifunga, nikalifungua tena, nikamwambia mgeni si mfungwa. Tukala, tukaomba, tukaelewana vizuri sana. Saa tisa Papa Placide akatoka, akarudi na soksi tupu miguuni, akaniuliza polepole, "Papa Keziah, biatu yangu iko wapi?"

Jozi saba, Bi Mwanaasha. Ikabidi wageni waondoke na slipa nilizonunua Osaka bila kuzikagua, nikabaki na jozi moja tu, kumbe zimeandikwa choo kwa Kiingereza, herufi kubwa, kila mguu. Mke wa Papa Placide, Maman Léocadie, alizisoma, akasema, "Kumbe kwenu wakwe banavalishwa ya choo." Sasa wametuma neno kwamba habari ya ndoa isimame. Keziah haongei nami, na nyumba imekuwa kimya kama treni ile. Nimeandika barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, kwa utaratibu wa kule, nimpe Keziah aipeleke. Je, itatosha?

Baba Keziah, Kensington, Johannesburg

*

Baba Keziah,

Nimecheka, nimemaliza. Sasa kaa, na viatu usivue.

Osaka haina kosa. Miaka kumi na minne uko Johannesburg, mji ambao mtu anafunga geti hata akitoka kumwaga maji, mkeo amekukumbusha kwa rimoti, na wewe ukamfungulia mwizi tena kwa mkono wako. Hata mstari ulimpangia, asisumbuke kutafuta jozi.

Na kile kiti kitupu, baba wa watu, haikuwa heshima. Nadhani ulijua. Mwavuli umenieleza siku uliyousahau na siku uliyoupata, lakini katika miezi mitatu hujanitajia jina la mtu hata mmoja. Ulikuwa mpweke. Badala ya kumwambia mkeo hivyo, umeugeuza upweke kuwa sheria za sebule. Pole, lakini ndivyo.

Halafu fikiria: bosi wako aliona slipa za chooni mezani, akanyamaza. Ungependa angekuambia, sivyo? Papa Placide amekuuliza usoni, bila kupaza sauti, akiwa na soksi. Mkwe wa namna hiyo usimpoteze.

Barua ichane. Keziah hakufungua geti, asitumwe kubeba aibu yako. Maryanne ampigie Maman Léocadie leo, aulize namba za miguu yote. Nunueni viatu vya heshima jozi sita. Ya saba Papa Placide achague mwenyewe dukani, wewe umbebee mfuko. Nenda kwenye cherehani zake Jumamosi asubuhi, wateja wakiwa wamejaa kuchukua suti za kanisani. Mwambie, "Nimekosa, geti nililifungua mimi." Usitaje Japani. Usiiname, kiuno kikikwama tutakuwa na kesi nyingine. Watakutania mpaka mchana. Cheka nao, ndiyo sauti uliyoikosa kule.

Na uende umevaa ile jozi ya slipa za choo iliyokubakia. Kutoka Kensington hadi Rosettenville, herufi kubwa, kila mguu. Ukifika, wakikuambia uvue mlangoni, vua. Lakini ingia nazo mkononi.