Wimbo Uliofiwa na Mwimbaji

Jumapili, 10 Januari 1988

Mazoezi ya bendi gereji kwa mjomba. Joto la kufa mtu! Kaka —— kaja na wimbo mpya. Wazungu wanasherehekea miaka mia mbili tangu meli zao zitie nanga Australia. Sisi wenyeji, tuliokuwepo kabla yao, tutawaimbia hivi:

*Ulichomeka bendera kaburini kwa bibi,*
*sasa waniuliza nani kaniruhusu kulala hapa.*

Nilipiga ngoma hadi kijiti kikavunjika. Tukaurekodi papo hapo. Judith wa redio — mzungu, lakini mwenzetu — kaondoka na kanda. Tutaupiga Sydney tarehe 26.

(Jina nimelifuta Alhamisi.)

Alhamisi, 14 Januari

Kaka kafa. Mahabusu. Jana polisi walimkamata kwa ulevi — mtu hajagusa bia tangu Krismasi! Asubuhi kakutwa hapumui. Ndiyo maelezo yote. Washenzi!

Kwa mila yetu, jina la marehemu halitamkwi tena. Picha tumezificha, nyumba tumeihama. Sauti yake nayo isisikike mpaka Mama aseme basi. Huenda ikachukua miaka.

Jumanne, 19 Januari

Mama kakubali twende Sydney, na yeye atakuja. Tupige vyombo tu, asiimbe mtu. "Ila nisimsikie, mwanangu. Nikimsikia hatalala huko aliko." Nikaapa.

Nikampigia Judith, nikamweleza yote. Akasema naelewa, naelewa kabisa.

Binamu yetu Clarrie, wa besi, kacheka bila furaha. "Naelewa yao naijua, dada. Walimwambia babu hivyo hivyo, huku wanakizungushia kisima chake seng'enge."

Jumanne, 26 Januari

Nimeketi nyuma ya ngoma, naandika. Nikiinuka itabidi niamue.

Watu maelfu. Tulipiga vizuri, mahali pa sauti yake tukapaacha patupu. Nilijivuna, nakiri. Halafu Judith kapanda jukwaani, machozi tele, kashika maiki. Kamtaja. Jina lote, la ukoo na la ubatizo! "Tumpe heshima anayostahili," eti. Akampungia fundi wa sauti, naye akawasha kanda ile ya gereji.

Kaka akaimba. Mzima kabisa. Mama, hapa kando ya ngoma, kajifunika blanketi gubigubi, anajipiga kichwa kwa ngumi.

Nikaruka, nikachomoa waya wa spika. Kimya.

Umati ukadhani polisi ndio wamekata umeme. Sasa wanapiga makofi na kuliita jina lake. Maelfu! Kwa mdundo! Watu wema, waliokuja kwa ajili yetu. Nawachukia wote.

Mama kanivuta sketi. "Waambie wanyamaze."

Nimejaribu kupiga kelele, hata Clarrie hapo karibu hanisikii. Maiki na kanda vinatumia waya huu mmoja. Mashine ya kanda iko garini kwa fundi, ng'ambo ya umati, na bado inazunguka. Nikichomeka niseme neno, atakayeanza kusikika ni yeye.

Mama kanivuta tena. Waya uko mkononi