Kiganja Chako Juu ya Torpedo

Mama yangu, uliyelala kaburini kule kambi ya wakimbizi Kigoma,

Leo nimepanda treni kutoka kazini Seven Hills, hapa Sydney, na kupitiliza nyumbani Blacktown. Ni kituo kimoja tu, na bado kimenipita nikiwa nimekodoa macho. Nilikuwa nautazama mkono wangu wa kulia. Kila nikiutazama nauona wako.

Unakumbuka desturi yako ya mlangoni? Hakuna aliyetoka kwetu bila wewe kumwekea kiganja kifuani na kumwambia neno moja: "Ufike." Hata mfuko wa maharage uliomtumia shangazi uliuwekea mkono. Baba alikuwa akikutania kwamba iko siku utambariki mbuzi anayekwenda buchani, nawe ukacheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Baba alipoamua kurudi kwetu ng'ambo ya ziwa kumwona babu aliyekuwa mgonjwa, ulimgusa pale pale ufukweni Kigoma, mbele ya watu, akaona haya kidogo. Boti yao ilipigwa risasi katikati ya ziwa. Mtu mmoja aliyeelea juu ya dumu ndiye aliyetuletea habari. Hakuna aliyekwenda kuwatafuta wengine; nani angekwenda, na kwa chombo gani? Ulikaa mkekani ukikigeuza kiganja chako huku na huku, kama mtu anayetafuta mwiba. "Labda sikumgusa sawasawa," ulisema. Nilikuwa mtoto bado. Tangu hapo uliendelea kutugusa, lakini ulibonyeza kwa nguvu mno, tukawa tunaumia na hatusemi.

Ndiyo maana niliposikia hapa Sydney kuna karakana inayotengeneza nyaya za ndege za doria ya baharini, sikuuliza mara mbili. Ndege hizo hushuka chini juu ya maji zikitafuta, na zikikuta watu ambao chombo chao kimezama, huwadondoshea boti ya mpira inayojijaza upepo, yenye maji ya kunywa ndani. Nikawekwa kwenye meza ya nyaya za kudondoshea boti hizo. Kila kasha lililokuwa tayari nililiwekea mkono nikasema neno lako. Wenzangu walicheka, halafu wakazoea, halafu wakanogewa. Siku hizi hakuna anayefunga kasha bila kuniita.

Mwaka huu kazi imebadilika. Ndege zile zile zinafungwa silaha mpya: makombora chini ya mabawa, ya kupiga meli kutoka mbali, na torpedo tumboni, ile inayodondoshwa majini ikajiendea yenyewe kuwinda nyambizi. Kuifunga si kuitundika tu kama mkungu wa ndizi. Ndege lazima izungumze nayo kabla ya kuiachia, iiambie izame kiasi gani na ianze kutafuta wapi. Maneno hayo hupita kwenye waya, na waya huo nausuka mimi. Kwa majaribio tumeletewa torpedo ya bandia, umbo lile lile na uzito ule ule, imepakwa rangi ya chungwa. Imening'inia kwenye fremu iliyojengwa kama tumbo la ndege. Pembeni yake, kwenye tumbo hilo hilo, ndipo penye nafasi ya boti yangu ya mpira.

Neema, mjukuu wako ambaye hukumwona, aliniuliza kwa Kiingereza chake kama kitu ninachotengeneza kinaua watu. Nikamjibu kwamba kinalinda watu. Huenda ni kweli. Nami nimelala kwa amani katika nchi hii, siwezi kuwacheka wanaoilinda.

Leo waya umekubali. Taa ya kijani imewaka, watu wakapiga makofi. Kamau, kijana wa Kenya ninayefanya naye kazi, akaleta kasha la waya unaokwenda kambi ya ndege, utakakounganishwa na torpedo ya kweli.

"Mathe, weka mkono twende lunch."

"Hili hapana, Kamau."

"Ah, zii! Usituangushe bana, ni waya tu."

Wote walisimama wakisubiri, wakitabasamu. Mkono ukajiendea wenyewe, Mama. Na mdomo ukasema, "Ufike."

Ufike wapi? Huko chini kwenye nyambizi kuna watoto wa watu. Kuna mmoja ambaye mama yake alimgusa mlangoni, kwa namna ya kwao. Tangu mchana naiona boti ya Baba katikati ya ziwa, ila sasa naiona kutoka juu. Naogopa. Wewe uliogopa kwamba mkono wako haukutosha. Mimi naogopa kwamba wangu umetosha.

Msimamizi anataka jibu Jumatatu kama nitaongoza meza ya silaha. Nitamwomba anirudishe kwenye boti za mpira. Najua torpedo itasukiwa waya na mwingine, na ndege ni ile ile. Sitakuwa nimemwokoa mtu, ila sitaitwa tena kuliwekea mkono kasha lile.

Kila asubuhi Neema huniwekea kiganja mgongoni nikivaa viatu. "Ufike, Mummy." Ndicho Kiswahili chake cha siku nzima, na nakipenda kuliko chochote nilicho nacho hapa. Nikisema mkono hauna nguvu yoyote, namnyang'anya na yeye baraka yake. Usiku nitalia kwa ajili ya hilo. Lakini leo nasema, kwa sababu wewe ulikufa ukiutazama wako. Ni kiganja tu, Mama. Ni ngozi na mifupa. Changu hakikuituma torpedo kokote, na chako hakikumwangusha Baba majini. Ulimgusa sawasawa.

Ufumbe mkono wako sasa, upumzike.

Binti yako, niliyefika.