Jezi Yangu Kavalishwa Shija

Kisesa, Jumapili

Eti mchezaji wa mjini! Shija anasugua benchi Mwanza msimu mzima, leo mwenyekiti wetu kamleta atuchezee fainali ya kugombea ng'ombe, na jezi yangu kavalishwa yeye.

Aliingia uwanjani kama bwana harusi. Penalti akapaisha, kisha akasema, "Uwanja wenu una mashimo." Wenu! Mpira kajifunzia hapo hapo, akiwa peku.

Tumefungwa, ng'ombe kaenda Magu. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Halafu nikamwona anavua viatu. Ni vile vyangu, vimeshonwa upya pembeni. Nilimpa asubuhi ile tulipoitwa wote wawili kwenye majaribio mjini, mimi nikasingizia malaria.

Sikuwa naumwa. Niliogopa.