Gundi ya Kufika Mtama

Jumamosi, 5 Aprili

Chai bila sukari tena. Sukari alikuwa anaweka Mwanahawa, kazi yangu mie ilikuwa kukoroga. Leo nimekoroga kwa mazoea, kisha nikakumbuka hamna kitu.

Baada ya chai nimepanda juu ya Konokono kutazama ufa. Konokono ni gari letu la kulala. Kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki la kuoshea kikombe kimoja. Nililinunua mnadani Kurasini, mwaka ambao akili zangu zilikuwa likizo. Mpango ulikuwa nikistaafu tuzunguke nchi nzima, mie na mke wangu. Tulifika Pugu. Mvua ikanyesha, tukalowa tukiwa ndani, tukarudi Mbagala.

Ufa upo palepale, juu ya kitanda. Nimeutazama kama natazama jirani nisiyemjua. Nimeshuka.

Jumapili, 6 Aprili

Kaja shemeji Zuhura, mdogo wake marehemu. Arobaini ya Mwanahawa ni Jumamosi ijayo, kwao Mtama, Lindi. Mama mkwe anataka kwenda. Siku ya msiba aliteleza bafuni, hapahapa kwangu, akavunjika nyonga. Tulipokwenda kuzika yeye alikuwa hospitali. Kaburi la mwanawe hajaliona. Daktari kasema asikae kitako muda mrefu, alale. Sasa basi gani lina pa kulala?

"Shemeji, wewe si una nyumba yenye magurudumu?"

Shida ni heshima. Kwao mkwe wa kiume haoni kitanda cha mama mkwe. Tangu atoke hospitali analala chumba cha uani, na mie nikipita huko napita nikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Miaka yote tunaongea kupitia mtu. Leo alikuwa nyuma ya pazia, namsikia kabisa.

"Mwambie kukiwa na ukuta nitakwenda. Kama hakuna, nitafia hapahapa kwake."

Zuhura akanigeukia. "Mama anasema kukiwa na ukuta atakwenda."

La kufa kalimeza.

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Kuazima dereva haiwezekani. Gia ya pili ya Konokono inabembelezwa, na inaelewana na mie peke yangu. Kwa hiyo nina wiki moja ya kuziba paa na kujenga ukuta. Nimekubali. Sikusikia furaha wala uzito. Nimekubali tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepaka silikoni kwenye ufa. Nene, kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Nikajisifu kwa sauti. Hakuna aliyenijibu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Silikoni yote imebanduka kwa mkupuo mmoja, kama utando wa maziwa. Godoro limelowa.

Nimekwenda kwa Mangi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani.

"Uliosha kwanza?"

"Kuosha paa?"

"Mzee, wewe umebandika vumbi. Bati halina habari na wewe."

Wateja wakacheka. Nikacheka nao, ndiyo adabu. Nimenunua tepu ya lami ile wanayozibia mapaa, gundi ya mbao, supa gluu, na selotepu pana ya kahawia ya kufungia maboksi. Juu yake akanipa bure ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. "Ya msiba hiyo, kaka. Sikuja mazikoni."

Mchana jua limetoka. Nimesugua paa kwa sabuni, nikafuta, nikapitisha kitambaa chenye petroli, nikaacha likauke. Kisha tepu ya lami, nikaikandamiza kwa chupa ya soda, navingirisha kama mpika chapati. Bomba la sinki linalovuja nimelizungushia tepu ya Mangi.

Kioo cha dirisha la pembeni ya kitanda kina nyufa. Nimekibandika selotepu kwa nje, mstari juu ya mstari, hadi kimekuwa boksi. Mvua haitaingia. Wala macho ya mtu hayatamfikia Mama. Nimeona nimefanya la maana.

Jumatano, 9 Aprili

Siku ya ukuta. Nimekata ubao mwembamba wa kutosha upana wa gari, kati ya kiti cha dereva na kitanda. Gundi ya mbao inataka kubanwa mpaka kesho. Mie sikuwa na subira, nikaona supa gluu itaniokoa.

Imeniokoa kweli. Vidole viwili vimebaki ukutani.

Nimeita. Zuhura kaja, kaona, kacheka mpaka kakaa chini. "Shemeji, sasa tutasafiri na wewe ukiwa nguzo?" Uani nikasikia Mama anauliza kuna nini. Zuhura akamweleza. Kicheko cha pili, cha mtu mzima, kikazimwa haraka.

Maji ya moto hayakusaidia. Ndipo Zuhura akaingia chumbani kwangu, akatoka na chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ya Mwanahawa. Ilikuwa kwenye mkoba wake, ambao sijaufungua.

Ile harufu. Ijumaa jioni, yeye kizingitini, mguu mmoja juu ya ndoo.

Vidole vimetoka. Nilingoja nijisikie kitu. Hakikuja. Nimeirudisha chupa mkobani, upande uleule.

Ukuta nimeuanza upya kwa gundi ya mbao. Nimeubana kwa mtungi wa gesi na kiroba cha mchele.

Alhamisi, 10 Aprili

Umesimama. Mama katuma neno kwamba Zuhura augonge asikie. Kaugonga. Neno limerudi kwamba unafaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumetoka baada ya swala ya alfajiri. Mama kapakiwa na majirani, mie nikiwa dukani kwa Mangi nimejificha. Ikwiriri mvua kubwa. Nikauliza kwa sauti, "Panavuja?" Zuhura akajibu kutoka nyuma, "Hata tone." Nikatamani Mangi angekuwepo.

Mbele ya Nangurukuru barabara imechimbika. Shimo moja, la pili, kisha kishindo. Ukuta umeng'oka na kunilalia begani.

Nikasimamisha gari, nikashuka bila kugeuka, nikasimama mvuani nikitazama kichaka. Sikujua nifanye nini. Ukuta hakuna, na Mama alisema bila ukuta haendi. Ningegeuza gari kurudi Mbagala angenielewa. Nilisimama pale nalowa, nikawaza hivyo kabisa.

"Wewe baba!"

Sauti ya Mama. Kwangu. Haikupita kwa mtu.

"Ukipata homa nani atanifikisha kwa mwanangu? Ingia ubandike. Mie nafumba macho, na wewe fumba yako."

Nimeingia nimefumba. Selotepu mkononi, napapasa. Zuhura anaongoza: "Juu. Kulia. Hapo shemeji umebandika ushungi wangu." Mwisho wa tepu kuna mtu kaushika, kaukaza vizuri ili niukate. Nikajua si Zuhura, maana Zuhura alikuwa ameshika ubao. Nilichungulia. Kiganja tu. Kucha fupi, pana.

Za Mwanahawa.

Nikafumba tena. Nikabandika. Tukaondoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Dua imesomwa, watu wamekula. Kisha Mama akataka kaburini. Kiti cha magurudumu kimekwama mchangani hatua chache tu. Nikamrudisha Konokono kinyumenyume kati ya mikorosho mpaka dirisha la kitanda likatazamana na kaburi.

Dirisha. Lile nililoligeuza boksi.

Zuhura akajaribu kuibandua kwa ndani. Selotepu iko nje. Nilisimama nikilitazama. Nimemleta mpaka hapa, nimemzibia.

"Mkwe wangu," Mama akasema kwa ndani. "Bandua."

Nikabandua kwa kucha. Jua lilikuwa limeiyeyusha, inatoka vipandevipande, inanata kila mahali. Kwanza kitambaa cha kichwa. Kisha paji la uso. Kisha macho, nayo hayakuwa yananitazama mie, yalikuwa yanatazama nyuma yangu. Nikasogea pembeni.

Alitazama muda mrefu. Hakulia.

"Mmemweka kivulini," akasema. "Vizuri."

Kisha akanitazama. Sikuinamisha uso. Sijui kwa nini. Nadhani nilichoka.

Jumapili, 13 Aprili

Chai imeletwa na sukari tayari. Zuhura anasema kaambiwa na Mama aweke vijiko viwili. Nimekoroga.

Tunarudi kesho. Ukuta nimeutia gundi ya mbao upya, umebanwa kwa magunia ya korosho za shemeji zangu. Heshima ni heshima.

Kioo kimebaki na mistari ya gundi. Zuhura kasema mafuta ya taa yatatoa. Nimepitisha kitambaa, imetoka kidogo. Nilitaka kuziba tena, mvua bado ipo. Mama kakataa. Kasema atalowa kidogo, si kitu, anataka kutazama njia.