Ukurasa Niliomjazia Delaney

212 Mtaa wa Sycamore,
Harlan Creek, Ohio.
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Dada Noreen,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Habari za Montana, na goti lako linaendeleaje? Shemeji Gus amepona kile kikohozi, au bado anasubiri umburute kwa daktari? Sisi miili ni mizima. Baba anakula vizuri, sukari yake imeshuka, na bado anagombana na redio kila asubuhi.

Utashangaa nakuandikia barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza na hali ya hewa, wewe ungenipa habari za mbwa wako, tungecheka, tungekata, na neno lenyewe lingebaki kooni. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Alhamisi ilikuwa hafla ya tuzo pale shuleni. Ukumbi ni ule ule wa mpira wa kikapu wa enzi zetu, na viti ni vile vile vya chuma vinavyobana mapaja. Walianza na tuzo ndogondogo, za chama cha wakulima, za benki, za akina mama wa kanisa, kila mmoja na hotuba ndefu kuliko zawadi yake. Wanaopata ufadhili wa chuo cha kijeshi huachwa mwisho, unajua. Mwaka huu alikuwa mmoja tu, Delaney wangu.

Meja alikuja kutoka chuoni kwenyewe, mwendo wa saa tano kwa gari, kavaa sare rasmi na nishani kifuani, kabeba ile hundi ya kadibodi ukubwa wa mlango. Kwanza akaomba wote waliowahi kutumikia jeshi wasimame. Baba akasimama. Noreen, tangu kaka yetu Dwight arudishwe kutoka Iraki ndani ya sanduku, Baba hajawahi kusimama wakiomba hivyo, si kwenye gwaride la Julai, si kanisani. Safari hii alishika kiti cha mbele yake akanyooka, na lilipotajwa jina la mjukuu wake akapiga saluti. Ukumbi mzima ukainuka. Watu mia sita wanapiga makofi, na mimi nimekumbatia mkoba kama mtu anayeogopa vibaka.

Ndani ya mkoba ilikuwemo barua ya madaktari wa jeshi. Ilifika Jumanne kwa jina la Delaney, nikaifungua mimi. Ilisema hafai kiafya, kwa kuwa aliugua pumu akiwa ameshapita miaka kumi na mitatu, na kwamba ufadhili wake umesimamishwa. Nikaikunja, nikaisokomeza chini ya pochi. Shule haikujua. Meja naye hakujua, maana ofisi zao moja haina habari na nyingine. Na mtoto hakujua.

Wakaita familia jukwaani, nikapanda. Meja akanishika mkono kwa upole, akasema, "Mama, asante kwa kutupatia binti yako."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Ni viatu vile vile, dada, vyeusi, vinang'aa, kama vya wale wawili waliosimama barazani kwa marehemu Mama Februari ile, wakileta habari ya Dwight. Wewe ulikuwa umeshahamia huko. Mimi ndiye niliyefungua mlango, na nikatazama viatu kwa sababu sikutaka kuzitazama nyuso zao. Mpaka leo nikisikia kisigino kizito kwenye mbao za baraza, huwa sifungui mlango.

Tulipotoka, Baba alitupeleka mgahawani kwa Lenny kula pai ya tufaha. Alimtangazia kila mtu, hadi dereva wa lori aliyeingia kuulizia choo. Delaney akamwambia, "Babu, ukiendelea hivi watatufukuza kabla pai haijaja." Baba akamjibu kwamba akishakuwa luteni atampigia saluti kila asubuhi kabla ya kahawa, ila kitanda atatandika mwenyewe. Walicheka wale wawili mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilimaliza pai yangu na sikujua ladha yake.

Ijumaa Delaney akaiona habari mwenyewe kwenye kompyuta. Akaja jikoni, mimi namenya viazi vya saladi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama, nani aliandika pumu?"

Nikasema sijui.

"Watakuwa wamechanganya mafaili," akasema. "Ukurasa ule ulijaza wewe, na wewe hukosei vitu kama hivyo."

Ananiamini, Noreen. Hilo ndilo linaloniua.

Januari, siku aliyokuwa mazoezini, aliniachia ukurasa wa magonjwa ya utotoni nimjazie, kwamba mama ndiye anayekumbuka. Nilipofika kwenye swali la kifua nikakumbuka Agosti ile aliyokuja kwako, ana miaka kumi na minne, misitu inaungua pande zote na moshi umeingia hadi vyumbani. Kifua kilimbana ukamkimbiza kliniki. Wewe mwenyewe ulinisomea karatasi ya daktari kwenye simu: si pumu, ni moshi, avute dawa wiki moja, basi. Nakumbuka yote. Na bado niliandika pumu, kwa wino, kwa herufi kubwa, na mwaka wenyewe nikauandika pembeni. Sikukosea. Nilikuwa nimeshasoma maelezo yao, nikajua neno lile litafanya nini.

Usije ukaniambia nilifanya kwa mapenzi. Nimejiambia hivyo tangu Januari na hainiingii. Februari nzima mtoto aliamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kwenye theluji, na akirudi alinikuta nimemwandalia uji wa shayiri, nikijua anakimbilia bure. Nilimwekea hadi zabibu kavu. Sijui ni mama gani anafanya hivyo.

Rufaa inapokelewa mpaka tarehe sita Juni, na wanataka karatasi ya daktari aliyemwona siku ile. Kliniki ilishafungwa, na Delaney amepiga simu huku na huku bila mafanikio. Alitaka kukupigia wewe. Nikamwambia Mama Mkubwa hatunzi makaratasi. Wewe, unayetunza risiti ya mashine ya kufulia iliyokufa zamani! Najua karatasi ya kliniki iko kwenye lile kopo la biskuti juu ya friji.

Baba hajaambiwa. Ametoa sare yake ya zamani, anataka nimshonee kifungo aivae kwenye mahafali Jumapili ijayo. Kifungo kiko hapa mezani pembeni ya barua hii, na sindano nimeshaitunga uzi mara mbili nikaiweka chini.

Tafadhali itafute karatasi hiyo, dada. Sikuombi kwa kuwa nimebadilika. Bado sitaki aende. Hata sasa nikiwaza baraza langu na viatu vile, natamani kuichana barua hii. Lakini jana nimemkuta kajifungia chumbani, ile hundi ya kadibodi kaigeuzia ukutani, anajipima pumzi kwa saa, anavuta na kutoa, aone ana kasoro gani. Kifua chake ni kizima. Mimi ndiye niliyemtia ugonjwa.

Kuhusu nani aliandika, nitamwambia mwenyewe. Ukisikia mahafali yamepita sijamwambia, mwambie wewe, wala usinionee huruma.

Nisalimie sana Shemeji Gus, na Tammy na mtoto wake mchanga, ambaye Baba anasema amechukua pua ya Dwight. Mungu akulinde na moshi wa kiangazi hiki, aliponye goti lako, na akutulizie moyo ukimaliza kusoma haya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kama leo hunipendi,

Marcy

Tena: Karatasi usiitume hapa. Itume shuleni, kwa jina la Delaney, mikononi mwa mwalimu wake mshauri, Bi. Pruitt. Hapa nyumbani posta huja saa nne asubuhi, na saa hiyo huwa niko peke yangu.