Kaburi la Nyuma ya Jiko

Orpah Nyarangi,
S.L.P. 208,
Suna, Migori.
11 Juni 1995.

Mpendwa mdogo wangu Edith, pamoja na shemeji Hemed,

Pokeeni salamu kutoka huku Suna, salamu za mtu mzima wa mwili lakini aliyejaa kifuani. Mko wazima? Abdullahi amepona kile kikohozi ulichoniandikia? Na joto la Mombasa bado linakunyima usingizi? Sisi hatujambo. Mourine yuko darasa la saba na amenipita urefu. Levis alishikwa na malaria wiki mbili zilizopita, akapata dawa, na sasa anakula kama mtu anayelipiza kisasi. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kifuani.

Naandika Kiswahili, si Kikisii chetu, ili shemeji Hemed ajisomee mwenyewe bila kungoja umtafsirie. Yaliyomo humu yanamhusu sawasawa na yanavyokuhusu wewe, na sitaki hata neno moja lipotee njiani.

Nianze na leso. Niliipata, ni nzuri, asante. Sasa ile barua iliyokuja nayo. Uliandika kwamba mambo ya ardhi ya Bichage tumwachie Mungu, na yakitushinda tuhamie Kisii kwa baba mdogo. Edith, niliposoma hapo niliikunja leso nikairudisha kwenye karatasi yake, na sijaivaa mpaka leo. Mungu tumemwachia tangu mwaka wa sitini na moja. Na huko kwa baba mdogo unakujua kweli? Ekari moja na nusu, wana watano wote wameoa, halafu nifike mimi, mwanamke aliyeachika, na watoto wawili mkononi. Jumapili nitachinjiwa kuku. Jumatatu nitaulizwa narudi lini.

Shemeji hakuwahi kuelezwa vizuri jinsi tunavyoishi hapa, acha nimweleze. Baba yetu Nyarangi alishuka kutoka Kisii mwaka huo wa sitini na moja akiwa na panga na jembe. Bichage akamwonyesha pori hili la mlimani, akamwambia fyeka, lima, ukae. Wakaja na wengine, Wajaluo, Wakuria, Wakisii, na sasa tuko nyumba kumi na tisa. Wajaluo wanatuita jodak, yaani watu waliokaribishwa tu. Malipo ni siku mbili kila juma: tunalima kwake kwanza, ndipo tulime kwetu. Na masharti ni matatu. Usipande mti, usiezeke mabati, usizike maiti.

Baba alipofariki tulimpandisha Kisii juu ya tela la trekta. Mama pia. Wamelala kwenye udongo ambao hawakuulima hata siku moja, na huu walioulima miaka yote hawakuruhusiwa kuulalia. Mimi nilidhani ni mila, nilidhani mzee anaogopa mizimu ya watu wengine. Kumbe alikuwa ameketi anangojea siku kama hii.

Siku yenyewe ni hii. Mwaka jana ilitangazwa kwamba ardhi ya upande wetu itapimwa na kila mwenye shamba aandikishwe. Bichage akauandikisha mlima wote, sehemu kwa jina lake na sehemu kwa majina ya wanawe. Yumo hata yule aliye Nairobi ambaye akija hapa huuliza njia. Sisi hatukutajwa popote.

Basi tukaanza kukutana. Lakini mkutano unataka kibali, na anayetoa kibali ni chifu, mkwewe Bichage. Kwa hivyo tulikutana tukipalilia. Nani huomba kibali cha kupalilia? Tulijipanga mstari mmoja, watu thelathini, tukisogea pamoja, na neno likianza upande huu linafika upande ule kabla hatujamaliza shamba. Mkutano wa kwanza tuliufanyia ndani ya mahindi ya Bichage mwenyewe, katika zile siku zetu mbili za kumlimia, na akatuletea uji! Alisema hajawahi kuona watu wa mlimani wakipalilia kwa bidii namna hiyo. Nilicheka mpaka nikakata mche mmoja wa mahindi yake.

Boaz, yule aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye katibu wetu. Aliandika pingamizi, nyumba zote kumi na tisa zikatia dole. Tuliapa kwamba hakuna atakayekubali kupewa kipande peke yake akawaacha wenzake. Bichage amejaribu kwa wawili tayari, na wote wawili wamemkatalia.

Jumanne ya tarehe 30 Mei afisa wa ardhi akaja na karani wake na wazee wa kamati, Bichage mbele yao na fimbo yake. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, viatu vimejaa matope. Akawauliza wanaume wetu, "Nyinyi mnasema mmekaa hapa zaidi ya miaka thelathini. Haya, nionyesheni. Miti iko wapi? Nyumba ya kudumu iko wapi? Kaburi iko wapi? Mtu akikaa mahali miaka hiyo yote, lazima amezika."

Boaz akavua kofia. Wanaume wote wakaangalia chini kama watoto waliovunja chungu. Edith, hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata, hata siku ile mume wangu aliponifungia mlango. Kila sharti tulilolishika kwa heshima, kila maiti tuliyoipandisha Kisii kwenye vumbi, ndiyo imekuwa ushahidi kwamba hatujawahi kuwa hapa. Bichage akacheka meno yote nje. Nilitamani kumpiga na fimbo yake mwenyewe, Mungu anisamehe, na kama hanisamehe pia sawa.

Ndipo akatoka Kezia, mjane wa Maroa, yule mama Mkuria anayefinyanga vyungu. Akamwambia afisa, "Nyinyi mnaulizana wanaume kwa wanaume tu. Mbona sisi hamtuulizi? Mimi niko na watatu hapa."

Afisa hakuelewa. Wanaume wetu walielewa, ndiyo maana waliangalia pembeni. Kila mtu hapa anajua na hakuna anayesema: mtoto mchanga akifa kabla hajaota meno, hapandishwi Kisii wala kokote. Wanawake humzika wenyewe karibu na nyumba, bila matanga, bila tuta, na mwanamume haulizi. Kumtaja ni mwiko. Miaka yote hiyo Bichage alikuwa akipita kukagua kama tumepanda mti, na hakuwahi kufikiri kwamba wanawake wanaweza kuwa wamepanda kitu.

Kezia akaenda nyuma ya nyumba yake, akasimama. "Huyu," akasema. Akasogea. "Huyu. Na huyu." Mke wa Boaz akaenda kwake, akasimama. Kisha nyumba ya pili, na ya tatu. Kulikuwa na nyanya wenye wajukuu pale, wanalia kama ni jana. Na nikuambie kweli, wakati huo niliwakasirikia wanaume wetu kuliko Bichage. Wangekubali tufukuzwe sote kuliko kutaja jambo la wanawake mbele ya mgeni.

Bichage akaacha kucheka. Akapiga kelele, "Hawa wamama ni waongo! Wachimbe basi tuone!"

Kezia akachukua jembe lililoegemea ukutani, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Jembe ndio hii, mzee. Wewe ndio umesema. Anza wewe."

Mnaijua chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko mpaka anakufa amesimama. Hata wanaokaa kiti cha mbele kanisani wanaiogopa. Bichage aliliangalia lile jembe, akamgeukia mwanawe mkubwa. Mwanawe akarudi nyuma hatua mbili. Wazee wa kamati wakaanza kutazama mawingu. Jembe likabaki mikononi mwa Kezia, na afisa akamwambia karani aandike kila kaburi na nyumba yake.

Sasa nifikie lako. Nyumba yetu ina kaburi moja tu, Edith, na si langu. Wanangu wote wawili wako hai, nashukuru. Ni la yule wako wa Aprili ya themanini na sita, aliyeishi siku nne. Ulikuwa umejifungulia hapa kwetu, kabla hamjahamia Mombasa; shemeji alikuwa ameenda Kendu Bay kuchukua bidhaa, mito imefurika, hakuna gari lililopita. Mimi na Mama tulimzika nyuma ya jiko. Tukasawazisha udongo, tukapanda malenge juu ili Bichage asione. Hemed alipofika tulimpeleka pale, akasimama akaomba dua, akatushukuru, na hakutulaumu hata kwa neno moja. Hilo sijalisahau, shemeji.

Lakini wewe, mdogo wangu, hujakanyaga nyuma ya jiko lile tangu siku hiyo. Umekuja nyumbani mara tatu kutoka Mombasa, na mara zote tatu hata kuni ulitaka uletewe. Nilinyamaza kwa sababu uchungu ni wako. Mimi ndiye niliyefagia pale miaka tisa, mimi ndiye niliyepanda malenge upya kila msimu, na sikukuuliza kitu. Leo nakuuliza.

Bichage amekwisha kupata njia. Anazunguka akisema kwamba mtoto wa Hemed alizikwa kwenye makaburi ya Waislamu mjini, kwamba hakuna Mwislamu anayeweza kukubali mwanawe alale nyuma ya jiko la mtu. Na watu wanamsikiliza, kwa sababu uongo wake umevaa vizuri kuliko ukweli wangu. Afisa amesema neno la mama mkubwa halitoshi. Wazazi wenyewe waje Jumatano tarehe 19 Julai, wasimame mahali penyewe waonyeshe. Msipokuja, nyumba yetu inafutwa kwenye pingamizi. Zile kumi na nane zitaendelea na kesi yao. Mimi na watoto tutavuna mahindi haya tuondoke, na Bichage atayang'oa malenge alime mpaka ukutani.

Najua safari ni ndefu. Najua duka la vitambaa halifungwi ovyo. Najua utaniandikia kwamba unaogopa kusimama pale. Usiniandikie hayo. Na usinitumie leso nyingine. Nataka miguu yako hapa.

Kuna jambo moja nililolifanya bila ruhusa yenu, na ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Karani alipofika kwetu aliniuliza, "Jina ya marehemu?" Nikamwambia hana, aliishi siku nne, baba yake alikuwa hajafika kumpa. Akasema, "Mama, bila jina siwezi kuandika. Nitapiga mstari tu." Bichage akadakia, "Si mnaona? Hata jina hakuna!"

Sikufikiri, Edith. Hasira ndiyo iliyonifungua mdomo. Nilimkumbuka marehemu mama yake Hemed, alivyokuwa akija na samaki kutoka Kendu Bay mimba ile yote, akikukanda miguu iliyovimba, na akisema kwamba akizaliwa msichana hataki kusikia jina lolote isipokuwa lake. Nikamwambia karani, andika: Mwanarusi binti Hemed. Akaandika kwa wino. Nikamwambia anisomee. Akasoma kwa sauti, na mlima mzima ukasikia.

Shemeji, kama nimekosea, nisamehe. Kumpa mtoto jina ilikuwa haki yako, mimi nimeichukua mbele ya watu katikati ya ugomvi. Siwezi kulifuta mwenyewe. Ukitaka libadilishwe, itabidi usimame pale alipo umwambie karani lingine.

Boaz na mkewe wanawasalimu sana. Kezia anasema msihangaike kwa chakula, ameshawawekea dengu na chungu kipya. Mourine anamsalimu Abdullahi na anauliza kama ni kweli huko wanakula papa. Msalimieni jirani yenu Mwalimu Omwenga na wote wanaotuuliza. Mungu awashike mikono barabarani, awafikishe kabla ya tarehe hiyo, na atupe sote nguvu ya kusimama tutakapoambiwa tusimame.

Mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia, mama mkubwa wa Abdullahi na wa Mwanarusi,

Orpah.