Nimemwuliza Marehemu Kuhusu Chanjo

Pei-shan, mkwe wangu, nimekwenda kuchanjwa korona. Ndiyo, mimi yule niliyeapa jana kwamba sindano ile hainigusi. Uji wa viazi vitamu uko jikoni, upashe moto. Usimwambie mume wako, atakuja mbio kunishika mkono kama mtoto.

~~Msinisubiri mchana.~~ Nisubirini. Nasikia huko wazee hukaa tu vitini, daktari ndiye anayezunguka, kwa hiyo haichukui muda. Nataka nikaone, nije nikusimulie.

Asubuhi nilisimama mbele ya picha ya baba mkwe wako, nikarusha chini vile vibao viwili vya kuulizia wafu. "Nichanjwe?" Akakataa. Mara tatu! Nikafurahi, nikavua viatu. Halafu nikajiuliza, hivi huyu ananionea huruma, au ananitaka huko kwake? Nikamwuliza wazi: "Mzee, umechoka kujipikia? Nikufuate?"

Vibao vyote vikaanguka kifudifudi, yaani hapana tena. Hataki!

Basi nikavaa viatu tena. Miaka hamsini ya ndoa, na mpaka leo sijui kama amenihurumia au amenichoka. Nikirudi nitamwuliza.

Mama mkwe wako